Mlango wa Jikoni Unanyanyuliwa Kwanza

Kaka yangu mpendwa,

Kabla ya yote, naomba barua hii ikukute umekaa kitako na miguu umeinyoosha, kama daktari alivyokuagiza na kama ninavyojua hufanyi. Presha inaendeleaje? Na mgongo? Dawa unameza, au bado unasubiri upate nafuu kwanza ndipo umeze? Sisi huku ni wazima wa kulala na kuamka. Shemeji yako anakusalimu sana; kikohozi chake kimepona, ila humrudia kila nikimwomba anisaidie kukunja nguo. Mimi magoti ndiyo yameanza maneno. Kila nikipanda ngazi, yanachangia hoja.

Najua unachosubiri. Umepiga simu tena na tena kuuliza kama ile nyumba imeuzwa, nami nimekujibu kwamba mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri tu, kaka. Nilichokosa ni pa kuanzia. Halafu simu nayo ina tabia yake: mtu akisikia asilolipenda, hukumbuka ghafla kwamba ana wageni. Barua utaisoma mpaka mwisho. Hata ukiitupa, utainama uiokote. Nakujua tangu tukigombania godoro moja.

Mnunuzi yupo. Ni yule mwenye duka la vipuri. Fedha yake iko tayari, anataka kuhamia mwisho wa mwezi, na dalali siku hizi ananiamkia kama mama mkwe wake. Kinachongojwa ni saini zetu mbili, yako na yangu, maana hati ina majina yetu wote wawili. Yangu sijaiweka, na nimekaa leo nikueleze kwa nini.

Kwanza nikwambie kwamba nimechoka. Sio uchovu wa kulala ukaisha. Wewe unakaa huko mbali na orodha yako ya nyumba zilizokamatwa na benki, unachagua hii, unaacha ile. Unaona bei na ukubwa wa kiwanja. Anayefungua mlango ni mimi. Na nyumba aliyonyang'anywa mtu, kaka, huwa haitoki mikononi mwake hivi hivi. Unaikumbuka ile ambayo soketi zote ziling'olewa hadi waya zikabaki zinaning'inia? Na yule bwana aliyemimina saruji kwenye choo, akasubiri ikauke, ndipo akaondoka na mizigo yake? Kuna mmoja aliandika ukuta mzima wa sebule maneno ambayo fundi rangi alikataa kuyasoma mbele yangu, akayapaka rangi huku amefumba jicho moja. Mwingine alimwacha paka. Huyo paka ninaye mpaka leo, na bado hanipendi.

Nilizoea. Mtu akikuachia soketi tupu, unajua amekasirika, unanunua soketi, yanaisha. Na sheria yako ilinisaidia. Ulisema tununue nyumba, tusinunue habari zake. Tusiulize jina la mwenyewe wa zamani, tusiulize alikwama wapi, kwa sababu anayetuuzia ni benki, na benki haina machozi. Nikaishika sheria hiyo kuliko wewe mwenyewe. Kila nyumba mpya, kazi ya kwanza ni kubadilisha vitasa, kabla sijafungua hata dirisha. Chai ya jirani sipokei, maana chai ya jirani huja na habari ndani ya kikombe. Mafundi wakaniita Mama Funguo, wewe ukacheka, ukasema ndiyo dunia, kufa kufaana. Nami nikacheka. Nyumba zilitupa riziki, siwezi kukana.

Sasa nije kwenye hii. Nyingine zote ulizokuwa ukizichagua, ulinituma kwanza nikazizunguke kwa nje, nitazame nyufa na unyevu, nikupe jibu. Hii ulisema hakuna haja. Uliniambia paa ni zima, kuta ni za mtu aliyejenga akiwa na nia ya kuzeekea humo, na chumba cha nyuma hakipati joto hata jua likiwa kali. Ukaongeza kwamba mlango wa jikoni ukitaka kuufungua uunyanyue kwanza kidogo, halafu ndiyo usukume, fundi asije akauvunja bure. Nilikuvulia kofia. Nikamwambia mume wangu kwamba kaka amekuwa bingwa, sasa anausoma mlango kwa kutazama picha. Mume wangu alinitazama, akasema hajawahi kuona picha ya namna hiyo. Nikamjibu kwamba yeye hata picha yake mwenyewe huishika juu chini.

Nilifika pale na fundi wangu wa siku zote, amebeba nyundo, karai na vitasa vipya, tumejiandaa kwa vita kama kawaida yetu. Kaka, nyumba ilikuwa safi. Sisemi safi ya kufagiliwa. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, balbu zote zipo mahali pake, sinki limesuguliwa mpaka linang'aa. Mapazia yalikuwa yamefuliwa, yakapigwa pasi, yakarudishwa madirishani. Juu ya meza ya jikoni palikuwa na funguo zote, kila mmoja umefungwa kipande cha kitambaa cha rangi yake, na kwenye kila mlango, penye kishikio, kimefungwa kipande cha rangi ileile. Mgeni asipotee. Fundi alizunguka vyumba vyote, akarudi, akaweka nyundo chini, akaniuliza sisi hapa tumekuja kufanya nini.

Hasira za watu nimezoea kuzifagia, lakini adabu ile ilinishinda. Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikahisi kama nimeingia nyumbani kwa mtu aliyetoka kidogo dukani. Vitasa sikubadilisha siku ile. Nilimwambia fundi tutafanya kesho, tukarudi majumbani kwetu mapema, naye akafurahi maana alidhani ninaumwa.

Kesho yake nilimwacha jikoni atengeneze mlango, nikasahau kumpa yale maelekezo yako. Nilikuwa chumba cha nyuma nikimsikia anaugonga kwa nguvu. Baadaye nikasikia hodi huko mbele. Mwanamke alikuwa amesimama nje ya geti lililo wazi, amevaa sare ya wafuaji wa hospitali, hakuingia mpaka nilipomkaribisha. Hata nilipomkaribisha alibaki mlangoni, viatu amevivua. Aliomba radhi kwa kunisumbua. Alisema jirani amempigia simu kumwambia kwamba mlango wa jikoni unapigwa nyundo, ndiyo maana ameomba ruhusa kazini akaja, kwa sababu mlango ule hauna ubovu, ni bawaba tu ambazo baba yake mzazi alizifunga chini kidogo alipojenga. Unanyanyuliwa kwanza, akasema, halafu unasukumwa.

Nikamwambia ninajua, kaka yangu alishaniambia.

Kisha akaniuliza kaka yupi.

Soma polepole hapa, kaka. Nilipomtazama vizuri, yeye alikuwa ameshamaliza kunitazama. Mimi nina sura ya marehemu mama, haijifichi. Yeye nilimwona siku ya harusi yenu, amepakwa poda hata macho hayaonekani, na siku tulipomzika mama, amejifunika khanga. Miaka michache mliyoishi pamoja, mimi nilikuwa nikimuuguza mama, sikupata hata siku moja ya kuja kuwatembelea. Sasa amekonda, amevaa miwani. Ni yeye aliyetangulia kuniita wifi. Aliniita vile vile, taratibu, bila ubaya wowote, nami nikakaa tena kwenye ile ndoo.

Hakuja kushitaki. Ningependa ujue hivyo, maana ninavyokujua umeshaanza kusema amenijaza maneno. Nililazimika kumvuta neno moja moja. Nikamuuliza ilikuwaje nyumba aliyoachiwa na baba yake ikafika benki. Akashangaa kwamba sijui. Akasema uliiweka rehani wewe, yeye akatia saini kwa sababu alikuwa mke wako na ulimwambia unataka mtaji wa kuanza biashara ya kununua nyumba pamoja na mdogo wako. Ulimwomba asinidokeze, ukisema mimi nina domo na nitalivuruga jambo. Ulipoondoka ukamwachia mtoto na mkopo. Akaulipa miaka yote kwa kufua mashuka ya wagonjwa, mpaka hospitali ilipoleta mashine na kupunguza wafuaji na siku zake za kazi zikakatwa nusu. Hapo akashindwa.

Mimi uliniambia ule mtaji ni kiinua mgongo chako. Nilikupikia mpaka tukaalika majirani kukusherehekea kiinua mgongo hicho. Basi fedha yetu ya kwanza ilikuwa nyumba yake, na nyumba yetu ya mwisho ni yake ileile. Tumemla mtu mmoja mara mbili, kaka, na mara ya pili mimi ndiye niliyeshika kisu, nikisifu ujanja wako.

Usiniambie hukujua. Ulijua bawaba. Ulijua chumba cha nyuma hakipati joto kwa sababu ulilala humo. Nimejaribu kukutetea moyoni mwangu, nikasema labda kaka alitaka kuiokoa isiangukie kwa mgeni, halafu amrudishie kimya kimya. Lakini hukusema tumrudishie. Ulisema tuiuze haraka kabla bei haijashuka. Nililia, na sio mbele yake. Mbele yake nilikaa tu kama gogo, na unajua alichofanya? Alinichemshia chai kwenye jiko alilotuachia, akaniuliza presha yako inaendeleaje. Chai niliinywa. Ndiyo ya kwanza kunywa katika nyumba tulizonunua.

Walikuwa wamepanga chumba kimoja nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, yeye na binti yako. Nilikwenda kuwaona jioni ile. Binti amekuwa mrefu, anatembea kama wewe, bega moja mbele. Aliniamkia, akaniita shangazi bila kufundishwa. Hakukuulizia. Nilikaa nikingoja akuulizie, hakukuulizia.

Sasa nikwambie nilichofanya, usikisikie kwa dalali. Mwenye duka la vipuri nimemwambia nyumba haiuzwi, akanitukana kidogo, nikamwelewa. Nimekwenda kwa wakili na kuandikisha nusu yangu kwa jina la wifi. Sikukuomba ushauri kwa sababu ni yangu, na kwa sababu ungenishauri. Wamesharudi ndani, mizigo yao yote iliingia kwenye mkokoteni mmoja, na mapazia hawakuhitaji kuyatundika. Shemeji yako mwenyewe alisukuma mkokoteni, wala hakukohoa. Imebaki nusu yako. Karatasi ya wakili nimeitia humu, pale pa saini pamewekwa alama. Sitakubembeleza. Mimi na wewe tumetoka tumbo moja, na hilo haliwezi kubadilishwa na wakili yeyote, lakini kazi ya nyumba sifanyi tena. Tafuta mwingine wa kukufungulia milango.

Jambo dogo la mwisho. Wifi alimwomba fundi azipandishe zile bawaba. Mimi nilimwambia aziache, ni kazi ya mikono ya baba yake, lakini alisema amechoka kuishi na mlango ambao aliyeondoka anaujua. Sasa unafunguka kama milango mingine yote. Kwa hiyo siku ukija na hiyo saini, usizungukie jikoni. Njoo kwa mbele, vua viatu, ubishe hodi, usubiri. Wakipenda watakukaribisha.

Meza dawa zako. Wasalimie wote wanaotuulizia, na uwaambie ukweli wakiuliza. Mimi bado nakupenda, na hilo nalo linanichosha.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Funguo, ambaye funguo zote amesharudisha kwa mwenyewe, na vitambaa vyake.