Picha ya Gozbert ukutani

Renatus, nimeshapanda basi la Nyakanazi, na baa ile sikanyagi tena. Wamebandika picha ya Gozbert ukutani: "Mwanzilishi." Mwanzilishi!!

Baa hiyo ilianza kama kilabu cha pombe cha Rozalia, wewe shahidi. Mwaka wa kuhamia vijijini Gozbert mwenyekiti akamfukuza: "Mama, pombe hii sasa ni ya kijiji."

Akagawa rubisi, pombe yetu ya ndizi, bila kuonja kwanza. Bila kuonja! Rozalia akamkazia macho pale mlangoni: "Hapa mgawaji huonja. Onja, mwenyekiti." Akaogopa sumu, mwoga yule! Watu wote wakaweka vibuyu chini.

Rozalia akachota, akanywa, nasi tukanywa. Kilabu kikarudi kwake.

Rozalia alikufa mwaka wa vita. Gozbert akakichukua tena, naye akafa. Mjukuu wake ndiye kabandika picha. Wanywaji wa siku ile tumebaki wawili, mimi na wewe.