Sala Niliyomwombea Bwana Stroud

Tarver, Alabama
18 Novemba

Dada yangu mpenzi Ernestine,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limepata nafuu tangu wakuchome sindano. Najua huko Cleveland baridi imeshawavamia. Huku bado tunavaa mashati ya mikono mifupi. Mimi kwa mwili sijambo. Presha imeshuka, kwani wifi yako Denise hanipi kifungua kinywa mpaka nizunguke mtaa mzima kwa miguu. Anakusalimu sana.

Unajua jinsi tulivyofika Kanisa la Neema. Paa la kanisa letu la zamani, Mlima Pisga, lilipoporomoka, miaka minane sasa, tulikuwa tumebaki waumini thelathini na wanne, wengi wao wa kutembelea mkongojo. Mchungaji Dale Hutchins akaja, kofia mkononi, akauliza kwa nini mji mdogo hivi uwe na kanisa la Wazungu na kanisa la weusi. Wewe ulisema watatumeza. Mimi nikakujibu kwamba una roho ngumu. Jumapili ya kwanza watu walikumbatiana wakalia, na mimi nililia. Sitaki kusema uongo kwamba yote yalikuwa mabaya. Denise alipopasuliwa, wanawake wa Kizungu walituletea chakula wiki tatu mfululizo, mpaka mlango wa friji ukakataa kufungika.

Balaa lilianza Agosti. Jarvis, mjukuu wa Mama Lucille Odom, yule wa nyumba ya tatu kutoka kwetu Mtaa wa Hickory, alisimamishwa na askari wa sherifu kwa sababu ya taa ya nyuma ya gari. Alilala hospitali siku sita, akarudi kwa bibi yake taya limefungwa kwa waya. Jumapili hiyo ilikuwa zamu yangu kusoma majina ya wanaoombewa. Nikaandika: Jarvis Odom, aliyepigwa na askari. Kabla ya ibada Mchungaji akanivuta chumba cha kwaya, akaniambia kwa upole, na upole wenyewe ndio unaoniudhi mpaka leo: “Ndugu Alton, mtaje Jarvis kama mgonjwa tu. Hilo la askari ni siasa. Humu wamekaa wake za askari.”

Nikatoa kalamu, nikayafuta maneno hayo. Nikamsoma Jarvis katikati ya mtu wa nyonga na mtu wa mawe kwenye figo.

Mama Lucille, pamoja na miaka yake themanini na moja, akasimama. “Mjukuu wangu hakuanguka ngazi,” akasema, kanisa zima likamsikia. “Wamempiga. Kama mnaomba, ombeni mkijua mnaomba nini.” Mpiga kinanda akavamia wimbo mbio mbio kumfunika. Mimi nikaimba.

Oktoba akaja Bwana Kirby Stroud, yule muuza matrekta. Alikuwa anagombea kiti katika baraza la wilaya, na kila aliposimama jukwaani alisema kituo cha kupigia kura cha Mtaa wa Hickory kifungwe, watu waende ukumbi wa maonyesho ya kilimo, maili kumi na nne kutoka kwetu. Alisema lengo ni kubana matumizi. Hickory nzima ilijua anayebanwa ni nani.

Jumapili moja tukamkuta amekaa mbele na mkewe. Baada ya sadaka Mchungaji akatangaza kwamba sisi Neema hatufanyi siasa, tunamwombea tu ndugu yetu katika Kristo ambaye anataka kututumikia. Nilikaa pale nikichemka, dada. Taya la Jarvis ni siasa, na mtu anayetafuta kura ni sala! Nilikuwa bado nachemka aliposema, “Ndugu Alton, njoo utuongoze.”

Nikaenda. Nikaweka mkono begani kwa Bwana Stroud, nikamwomba Mungu ampe hekima na afya, nikasema amina. Watu wakapiga makofi. Mama Lucille hakufumba macho muda wote ule. Nililiona hilo kwa sababu mimi pia sikufumba.

Wiki mbili baadaye picha yangu ikawa kwenye sanduku la barua la kila nyumba Hickory. Mkono wangu begani mwake, na chini yake: “Majirani wa rangi zote wanamwombea Kirby Stroud.” Nilipoingia kwa Otis kinyozi, aliacha kichwa cha mtu kimenyolewa nusu, akainama. “Karibu, mheshimiwa! Jamani mpisheni kiti, huyu uso wake ni mali ya kampeni.” Mwingine akamwambia asinikate sana, nisije nikashindwa kutambulika kwenye picha ijayo. Walicheka huku wakijipiga mapaja. Nikacheka nao, kisha nikaondoka bila kunyolewa.

Ndipo nawe ukanipigia simu, mtu amekutumia ile karatasi ya kampeni yenye picha yangu. Ulifoka: “Wamekuibia uso, Alton! Wamekugeuza kitambaa cha kujifutia! Washitaki!” Ulimwita Mchungaji majina ambayo mama angeyasikia angekuosha mdomo kwa sabuni. Mimi nilinyamaza, wewe ukadhani ni uchungu.

Bwana Stroud ameshinda kwa kura arobaini na moja. Kura za kumshinda zingeweza kutoka mtaani kwetu, kwa watu waliokaa nyumbani wakisema kama Alton Gaines yuko naye basi hana ubaya. Wawili wameniambia hivyo ana kwa ana.

Sasa dada, soma hapa taratibu. Hawakuniibia kitu. Baada ya ibada ile, kwenye meza ya kahawa, mke wa Mchungaji aliniletea karatasi ya ruhusa. Alinieleza wazi kwamba picha waliyonipiga wakati wa sala ni ya kampeni. Nilivaa miwani, nikaisoma yote, nikaisaini. Hakuna aliyenitisha wala kuniahidi chochote. Mchungaji alinishika mkono akasema mimi ndiye ninayeliunganisha kanisa hili, na mimi nilipenda kusikia. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu mweusi anayewaharibia watu kahawa yao. Ni hilo tu. Nimetafuta sababu kubwa zaidi ya hiyo, sijaipata.

Alhamisi nilikwenda kwa Mama Lucille. Alikuwa barazani anabangua karanga za pekani. Nikamweleza. Hakuinua hata kichwa. “Nilijua. Nilikuwa nyuma yako nasubiri sukari.” Kisha akaniuliza, “Umekuja nikusamehe?” Nikasema ndiyo. “Basi kayaseme kule kule ulikoombea. Mimi sikupiga makofi.”

Jana, wakati wa matangazo, nikashika kipaza sauti. Nikasema nilimwekea mkono mtu huku nikijua anachotaka kuufanyia mtaa wangu, na kwamba nilisaini mwenyewe. Nikasema Jarvis Odom hakuugua, alipigwa na askari, na mimi ndiye niliyeyafuta maneno hayo. Hapo kipaza sauti kikazimwa. Nikaendelea kwa sauti yangu mpaka nikamaliza. Mchungaji akasema, “Ndugu Alton, hapa si mahali pa siasa.” Nikatoka, Denise nyuma yangu.

Nilimshikia mlango Mama Lucille, nikidhani atatufuata. Akatikisa kichwa, akabaki amekaa. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, “Wewe uliwapa jina lako, toka nalo. Mimi sikuwapa kitu. Wacha wanitazame kila Jumapili.” Kwa hiyo yeye ana kanisa, mimi sina.

Nisalimie shemeji Wendell, na wapwa wangu wote mmoja mmoja. Jambo la mwisho. Uliniambia kwamba kanisani kwenu wamekuwa wakiniombea kama mtu aliyedhulumiwa. Tafadhali, Jumapili ijayo simama uwaambie waache, na uwaambie kwa nini.

Ni mimi mdogo wako,
Alton