Nyumba Yako Sasa Inatembea, Baba Neema

Baba Neema,

Mi mke wako, nakuandikia nikiwa kwa usukani. Umesikia vizuri: usukani. Gari limesimama sokoni Dowa, batoto wako nyuma wanakula nsima, na mwanamke wako aliyeishia kilasi ya tano njo shofere. Toka kambi yetu ya Dzaleka mpaka Lilongwe sijaona anayekata kona kama mi. Sijisifu, nasema tu kile bantu wanaona.

Nianze na ndugu yako, maana wewe huko uliko hasira huna tena. Mi ninayo ya kututosha wawili.

Siku ya tatu ya kilio chako, wageni hawajaondoka, Shemeji Deo alisimama mbele ya bazee akasema vitu vya marehemu ni vya ndugu zake. Alibeba kabati. Alibeba makochi, televisheni, hata ile saa ya ukutani iliyokufa kabla yako. Mi niko chini kwenye mkeka, kitambaa kichwani, natazama miguu ya bantu ikitoka na nyumba yangu. Kisha Mzee Bahati, mkubwa wa jamaa, akamuuliza, "Na ile gari ya inje?"

Ile minibasi yako, iliyokaa juu ya mawe miaka mine bila tairi, imefunikwa turubai kama mgonjwa. Deo akacheka. Kwenye kilio chako, akacheka! "Ile chuma? Muachieni mjane. Njo kaburi ya pili ya kaka yangu. Mi siitaki, leo wala kesho, nasema mbele yenu wote."

Wewe unajua: kwetu, neno lililosemwa mbele ya bazee kwenye kilio halirudi mdomoni. Nikalia kwa nguvu zaidi, asije akaona nimelishika vizuri.

Maana Deo hakujua kama motere ulishaimaliza kutengeneza. Tairi zilikuwa Kanengo, kwa Nestor, yule rafiki yako Mrundi mliyetengeneza naye malori. Tulijua mi na wewe na Nestor, basi.

Na mi pia nilikucheka, nikiri. Ulipokuwa unapima vitanda kwa kamba mule ndani ya gari, uifanye nyumba, ukasema, "Mama Neema, kitu kisichoingia humu, hatukihitaji." Nikakujibu, "Basi wa kwanza kubaki ni wewe, miguu yako haiingii." Ulicheka mpaka ukakohoa. Mi nikadhani ni kicheko tu. Kumbe kile kikohozi... Niache hapo.

Nestor alileta tairi kilio kilipoisha. Alinifundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira, na nilibomoa choo kimoja tu, na hakukuwa na mtu ndani. Sasa tunaishi humo: tuna vitanda viwili, sufuria mbili, cherehani, sahani ine. Usiniulize ya ine ni ya nani. Nachukua ruhusa yangu ya kutoka kambini, tunaondoka: leo Dowa, kesho Kanengo, Jumamosi Chilinde. Nafungua mlango wa nyuma, nashona, mabibi wa Lilongwe wanapanga foleni. Nilidhani batoto watalilia makochi. Neema akaniambia, "Mama, zamani kazi yetu ilikuwa kupanguza vitu." Patient, mdogo wake, anasema nyumba yetu ina dirisha lenye kubadilisha picha.

Habari zikamfikia Deo. Akaja na suti. "Shemeji, gari ya ndugu yangu inataka mwanaume. Leta funguo."

Baba Neema, nikazifunga funguo kwenye pindo la kitenge. Akichukua hiyo, batoto wako wanalala wapi? Lakini sikubishana. Nilimpeleka kwa Mzee Bahati, nikaita bazee wale wale, nikamwomba mzee arudilie neno la siku ya tatu. Akalirudilia lote, mpaka kile kicheko. Kisha akamtazama. "Deo, wewe mwenyewe uliiita kaburi. Leo unataka kumfukua kaka yako?"

Bamama walipiga vigelegele. Mi nilipiga cha kwanza.

Na kabati, unajua? Halikuingia kwa mlango wa Deo. Liko inje mpaka leo, kuku wanatagia kwenye droo za chini. Makochi yamenyeshewa, yanaota uyoga. Nikipita pale napunguza mwendo, nifurahie.

Juzi alinisimamisha barabarani, jasho linamtoka. "Shemeji, nisogeze mpaka Lilongwe." Nikashusha kioo chote. Nikamwambia, "Kitu kisichoingia humu, hatukihitaji." Nikakanyaga mafuta. Vumbi lililobaki lilimtosha chakula cha mchana.

Nikangoja batoto wacheke. Kisha Neema akasema, polepole, "Papa angembeba."

Najua ungembeba. Ungempa na kiti cha mbele. Ungemuuliza habari ya kuku. Lakini mi si wewe, Baba Neema. Wewe uliacha moyo mzuri na gari. Mi nimeweza kuendesha gari kwanza.

Lala vizuri, mume wangu. Nakuahidi hivi: sitabakiza ndani ya nyumba yako kitu ulichokikataa, na chuki najua haikuwa kwenye vipimo vyako vya kamba. Itatoka. Ila si leo. Kila nikipita mlangoni kwa Deo napiga honi mara tatu, kama ulivyokuwa unapiga mluzi ukitoka kazini, ajue hasira bado ninayo. Siku nitakapopita kimya, nikasimama, nikamfungulia mlango, ujue nimemaliza.

Leo asubuhi nimepiga ine.

Mke wako,
Mama Neema, shofere