Kwa Nini Mama Alirudi Bila Kutibiwa Macho

Geita

Dada Doto,

Shikamoo dada. Naomba barua hii iwakute salama wewe, shemeji na watoto, na mvua iwe imefika huko Kishapu kabla pamba haijanyauka. Huku tunapumua, na kazi ya duarani, kwenye shimo la dhahabu, inaendelea. Ila moyo wangu hauko sawa.

Umeniuliza mara mbili kwenye simu kwa nini Mama amerudi bila kutibiwa, na mwenyewe hataki kusema. Kwenye simu nilishindwa, ndiyo maana naandika.

Siku za kwanza alikaa vizuri. Mama Zawadi, jirani yetu, akienda kuuza maandazi, Mama ndiye aliyekuwa akimbeba mwanawe. Jioni majirani huja kwetu kuangalia vichekesho kwenye televisheni. Kuna mchezo mmoja wa mama mkwe mchawi: mwanaume kavaa kanga, kapakwa wekundu machoni, anamroga mkwewe. Siku hiyo Mama Zawadi akasema, "Jamani, si bibi yetu huyu? Macho yale yale!"

Watu wakaangua kicheko. Dada, na mimi nilicheka. Mama naye akacheka kidogo, kisha akajifunika kanga usoni.

Tangu hapo watoto wa nyumba nzima wakawa wanamwita jina la yule mchawi. Hata binti yangu. Nikasema ni utani, utaisha.

Wiki iliyofuata mtoto wa Mama Zawadi akapata homa kali, na degedege juu. Asubuhi nikiwa bombani nanawa, nikamsikia mama yake akiwaambia wenzake, "Si ndiye anambeba kila siku? Yale macho niliyaona tangu mwanzo." Safari hii hakuna aliyecheka. Nami nikamaliza kunawa. Nikachukua sururu yangu nikaenda kazini.

Niliporudi, maneno ya bombani yalikuwa yamemfikia Mama, naye ameshafunga mzigo.

"Mayu, keshokutwa ndiyo siku yako ya hospitali," nikamwambia.

"Shija mwanangu," akasema taratibu, "mdogo wangu naye walianza kwa kumcheka."

Unajua mama mdogo walivyomwita mchawi, wakamuua kwa panga. Wewe ndiye uliyenishika mkono siku ile.

Wekundu wa macho ya Mama ni moshi, dada. Ni samadi na vijiti vya pamba alivyotupikia ugali mpaka tukakua. Nilijua hilo, na mdomo wa kusema nilikuwa nao.

Stendi, kabla hajapanda basi, akaniuliza, "Ulipocheka, uliona nini?" Nikampandishia mzigo wake.

Mtoto alikuwa na malaria, amepona. Jana Mama Zawadi kaniuliza bibi anarudi lini, kama vile hakuna kilichotokea. Ndipo nikamweleza yote, mbele ya majirani, mpaka sauti ikanikauka. Akalia. Lakini Mama hakuwepo kunisikia.

Nisalimie shemeji, Kaka Kulwa, na mjomba wetu mchunga ng'ombe. Mama usimpe salamu. Msomee barua yote, na pale nilipoandika kwamba nilicheka, usiparuke.

Mdogo wako,
Shija