Picha ya Mawingu na Ng'ombe Wetu

Kwa Mama Capitoline,
Kawajense, Mpanda.
15 Februari 1998

Mpendwa mdogo wangu Enoka,

Pokea salamu za dada yako Minza. Hujambo huko Dar es Salaam? Kile kifua kilichokusumbua mwaka jana kimepona? Sisi wazima, ila mgongo unaniuma kwa kulala kwenye unyevu.

Picha uliyotuma kabla ya mvua ilifika. Nilimwonyesha shemeji yako Mwandu, nikamsomea ulivyoandika: kwamba imepigwa na setilaiti, ule weupe ni mawingu, na wataalamu wa hali ya hewa ofisini kwenu wanaona mvua za Elinino zitakuwa mbaya, tuhame bondeni. Aliishika muda mrefu, akaigeuza nyuma. Mwisho akaniuliza, "Kinachoona mawingu kitashindwaje kuona ng'ombe?"

Unajua tulivyofukuzwa huko nyuma. Kila aliyetuambia tuhame alikuwa anayataka malisho yetu.

Nilimbembeleza kwa sababu ni wewe. Nilimwambia nimekulea mgongoni, huwezi kunidanganya. Akakubali shingo upande, tukapandisha ng'ombe mlimani nyuma ya Ilembo, kusikopita hata baiskeli. Kaka yake, Lyamba, alikataa. Alisema tunakimbia karatasi, akabaki na majani yote bondeni.

Mvua ilikuja kama ulivyosema. Mto ulifurika alfajiri. Lyamba na mkewe walipanda kichuguu, wakashinda hapo wakitazama ng'ombe wao wakienda na maji, mpaka Mwandu alipowafikia kwa kamba. Walibaki ndama wachache tu. Siku hiyo Mwandu alikusifu mbele ya watu.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike. Juzi juzi walitujia wanaume wenye gari. Waliliacha mbali wakapanda kwa miguu, moja kwa moja hadi zizini, bila kumuuliza mtu njia. Wakasema ule ni msitu wa serikali, tuondoke. Mwandu hakubishana nao. Walipokwenda aliniambia taratibu, "Mdogo wako alitutoa kwenye maji ili tuonekane vizuri."

Nilikutetea. Uliandika kwamba kwenye picha hizo hata Ziwa Tanganyika ni kama uzi tu. Pengine aliyetuonyesha ni mtu wa hapa hapa. Lyamba tangu apoteze mifugo hatutazami usoni. Lakini nasikia zipo picha nyingine zinazoona karibu zaidi. Na tulikohamia nilikuandikia wewe peke yako. Niambie kweli, kuna mtu aliyekuuliza habari zetu? Ulitaja Ilembo mbele ya nani?

Msalimie mkeo Marta na watoto, na baba mdogo Hilari ukimwona. Mwandu hajaniambia nikusalimie, nami sitaki kukuongopea.

Keshokutwa tunahama tena. Safari hii sikuandikii tunakwenda wapi. Jibu lako lipitie kwa Mama Capitoline. Ukipata likizo fika kwake, uje peke yako, nitakuja mwenyewe kukuchukua.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na anitoe mimi huu wasiwasi.

Ni mimi dada yako, nakupenda hata leo,
Minza