Vidonge Ulivyonifungia kwenye Leso

Mama, shikamoo, na kamwene kwa wote hapo Igowole.

Huku Mbeya wanalalamika baridi. Wewe ungevua sweta. Jana kichwa kiliniuma, nikameza vile vidonge vya mnadani ulivyonifungia kwenye leso. Kikapona.

Leo maabarani nimekisaga kimoja ili kujaribia elektrodi yangu. Unaikumbuka, unga wa kaboni uliokandwa na mafuta na udongo wa mfinyanzi, ukasema ni ugali ulioungua. Ukiichovya kwenye maji yenye dawa na kupitisha umeme, kompyuta inachora kilima. Kwa kidonge chako ilichora mstari ulionyooka kama barabara ya lami.

Nikajua tu elektrodi imeharibika. Nikaukanda unga upya, nikausugua kwenye karatasi mpaka ukang'aa. Barabara tena. Tusa, fundi wa maabara hii, akaijaribu kwa kidonge cha hospitali, kilima kikapanda kama mlima Loleza.

"Dada, elektrodi yako nzima. Hivyo vingine nani kakuuzia?"

"Kanipa mama."

Akainama, akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mama, humo hamna dawa. Baba akipata homa msimpe hivyo, aende zahanati, hata akinuna.

Kichwa changu kilipona kweli, na kwenye ripoti sina pa kuliandika hilo. Endelea kunifungia leso, hata ikiwa tupu.

Mwanao,
Neema