Aliyekwenda Kuaga

Mikumi,
2 Februari 2026.

Kwako Mama Mkubwa Mwanakheri,
Masanze, Kilosa.

Mama mkubwa, shikamoo. Vipi hali yako, na vipi lile goti la kushoto linalokusumbua ukitoka kupalilia? Mwalimu Yudith, ambaye ndiye atakayekufikishia barua hii, ameniambia kwamba vidonge vya presha unameza siku unapojisikia vibaya tu, na ukipata nafuu unavirudisha kabatini. Vile si peremende za wageni, mama mkubwa. Meza kila siku. Na vipi shamba? Nimesikia mto Mkondoa umefurika tena na kuchukua mpunga wa watu wa bondeni. Naomba Mungu mpunga wako uwe umesalimika.

Mimi ni mzima wa mwili. Bado niko dukani kwa Mama Hildegarda, yule muuguzi mstaafu, nauza dawa kando ya barabara kuu. Wateja wananiita dokta, na nimechoka kuwasahihisha kwamba mtu aliyeishia mwaka wa tatu ni nusu dokta. Malori ya Tunduma yanapita kama kawaida, na nyani wamezidi ujasiri. Juzi mmoja aliingia dukani akatoka na pakiti ya pampasi, akapanda nayo juu ya paa la jirani akawa anaichambua moja moja, watu wakacheka mpaka machozi. Nami nilicheka. Nakueleza hili usije ukadhani nimekuwa jiwe.

Herufi nimeziandika kubwa ili uisome barua mwenyewe, kama ulivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima. Tafadhali usimpe mtu akusomee. Ningeweza kupiga simu, lakini najua ungeniuliza nimekula nini, nami ningejibu wali na maharage, na mazungumzo yangeishia hapo kama yalivyoishia miaka hii yote.

Habari ya Jumapili nimeipata. Mjomba alinipigia akanieleza kwamba wazee wamechoka kungoja, wameamua hitma ya Mwinjuma isomwe Jumapili hii, kabla Shaabani haijaisha, na kwamba wewe umekataa. Alisema umewaambia mwanao hajafa, na hata kama amekufa, huwezi kumsomea hitma mtu ambaye hujamsamehe. Mjomba ameniomba nije nikubembeleze, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naye. Nilikuwa nakula aliponiambia neno hilo. Chakula sikukimaliza.

Mengi ya haya unayajua, lakini nivumilie nianzie mwanzo. Nikianzia katikati nitatafuta mlango wa kutorokea.

Mama yangu, mdogo wako, alipofariki nilikuwa na miaka sita. Ulinichukua ukanilaza mkeka mmoja na Mwinjuma, mwanao wa pekee, ambaye nilimzidi miaka miwili, na sijawahi kuona siku uliyompa yeye kipande kikubwa zaidi. Ulichotubana nacho sote sawasawa ni adabu. Unakumbuka siku ile tunakwenda kuanza muhula Kilosa mjini? Bibi alikuwa amelala, tukaona tusimwamshe, tukabeba matranka yetu hadi barabarani. Basi likaja, tukapanda, mara tukakuona unakuja mbio na khanga mkononi. Ulitushusha mbele za watu. Ulisema mtu hatoki nyumbani kwa watu kimya kimya, na anayetoka bila kuaga ni mwizi au maiti. Tulirudi tukamwamkia bibi, tukamuaga, basi likatuacha, na shuleni tulifika kesho yake tukapewa adhabu ya kufyeka. Mwinjuma alikuwa akisimulia kisa hicho hata Khartoum, akiigiza jinsi ulivyokimbia, mpaka mwenye nyumba wetu akakipenda bila kuelewa Kiswahili chake.

Mwenye nyumba huyo ni Haja Batuli. Tulimwita Habuba, ndivyo wanavyoita bibi huko. Miaka mitatu tulikaa chumba cha uani kwake tukisoma udaktari kwa ule ufadhili, na alitutunza kama wajukuu wake. Alitupigia kelele tukichelewa, na maharage ya jioni hakuacha kutuletea hata siku moja. Vita vilipoanza ile Jumamosi ya Ramadhani, majenerali wawili wakigombea nchi moja, yeye ndiye aliyetuvuta kwenye korido isiyo na dirisha na kutulaza huko. Siku kumi. Idi tuliswalia humo humo, na kanzu zetu mpya hatukuzivaa, maana Mwinjuma alisema haifai kuchafua kanzu kwa vumbi la bomu.

Kisha wakubwa wa dunia wakakubaliana silaha zinyamaze kwa saa sabini na mbili. Tukaletewa mabasi ya kututoa hadi mpaka wa Ethiopia, na taarifa ikatufikia ghafla, tukatoka mbio. Habuba wakati huo alikuwa kwa jirani akitafuta maji. Hatukumuaga.

Yaliyofuata unayajua kama nilivyokueleza niliporudi. Nilikuambia kwamba tulipokwisha kupanda basi, Mwinjuma alishuka kwa ukaidi wake akasema anarudi kumuaga Habuba, na basi likamwacha. Nilikuletea begi lake, na simu yake pia, kwa kuwa aliniachia. Vizuizini wapiganaji walikuwa wananyang'anya simu. Kanzu yake ya Idi ilikuwemo begini.

Kanzu hiyo ndiyo iliyonifundisha siasa za dunia. Redio ikisema pande mbili zinakutana Jida, unaifua, unaianika, unaipiga pasi ya mkaa. Mazungumzo yakivunjika unaikunja unairudisha. Ikaja Geneva ukaifua tena. Mwalimu Yudith ananiambia hadi leo hujaacha, na kwamba shingoni imeanza kuchanika. Mama mkubwa, nadhani hao wapatanishi wenyewe hawakuyafuata mazungumzo yao kama ulivyoyafuata wewe.

Na ile simu ya mwezi wa nane, mwaka ule ule. Tulikuwa barazani tunapukuchua mahindi. Namba ngeni, ukaweka sauti kubwa, na tukamsikia. Alisema yu hai, yuko kwa Habuba, kwamba watoto wa Habuba wamekimbia na yeye miguu haimbebi, hivyo hawezi kumwacha peke yake. Ulilia. Kisha ukaghadhibika, ukamuuliza nani alimtuma kushuka kwenye basi, na ukaidi huo ameurithi kwa nani, na kama anajua amekuua ukiwa hai. Akauliza kwanza kama niko karibu, ukamjibu niko hapo, napukuchua. Halafu akasema umsamehe, ni ukaidi wake tu. Akasema msalimie kaka. Simu ikakatika, na tangu siku hiyo hatukumsikia tena.

Wiki iliyofuata, ukiwa shambani, nilifunga nguo zangu nikaja Mikumi. Sikukuaga. Miaka miwili na nusu sasa, nakuja Idi tu, nakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni, naondoka. Ulidhani nimepata mwanamke huku. Laiti ingekuwa hivyo.

Sasa naja kwenye habari yenyewe. Wiki tatu zilizopita nilipata ujumbe kutoka kwa mjukuu wa Habuba. Amerudi Khartoum baada ya mji kutulia, akanitafuta kwa muda mrefu. Ameandika kwa Kiarabu, nami nakuandikia bila kuongeza wala kupunguza.

Anasema Mwinjuma alikaa na bibi yake miezi tisa. Alimpikia, alimwogesha kwa heshima akisaidiwa na mama jirani, na kila asubuhi alibeba madumu mawili kwenda kupanga foleni ya maji kwenye kisima cha msikiti. Ijumaa moja ya mwezi wa Rajabu, mwaka juzi, bomu liliangukia foleni ile. Watu tisa. Yeye alikuwa mmoja wao. Majirani walimswalia wakamzika kwenye uwanja wa shule iliyo karibu, kwa kuwa njia ya makaburini ilikuwa imefungwa, na wameweka tofali lenye jina lake. Habuba yu hai. Anaomba aambiwe jina la mama wa kijana yule, ili akimwombea asikosee.

Mwanao amekufa, mama mkubwa. Mdogo wangu amekufa. Sentensi hii nimeifuta mara tatu, sasa naiacha.

Ningeweza kuishia hapo, nawe ungelia, na watu wangesema Ashrafu amefanya vyema kuleta habari. Lakini hitma umeikataa kwa sababu ya kosa, na kosa lile si lake.

Mwinjuma hakushuka kwa ukaidi. Nilimtuma mimi. Tulikuwa tumeshakaa, mimi dirishani, yeye pembeni yangu amepakata begi. Nikakumbuka kwamba hatukumuaga Habuba, na maneno yako yakanijia, mwizi au maiti. Aliyepaswa kwenda ni mimi, mkubwa. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimeona mtu amelala njiani bila kichwa, na miguu yangu ilikataa. Nikamwambia aende yeye, kwamba nyumba si mbali, robo saa kwenda na kurudi, na kwamba yeye ana mbio. Alinitazama. Alisema kaka, watatuacha. Nikamwambia mama angekuwa hapa angetushusha sote wawili. Hapo hakubisha tena. Alinipa simu, akaniwekea begi miguuni, akashuka. Mtoto uliyemwita mkaidi hakuwahi kunikatalia neno lolote tangu tulale mkeka mmoja, na unalijua hilo.

Na bado sijamaliza. Haukupita muda mrefu milio ikaanza tena upande wa daraja. Kijana mwenzetu aliyekuwa na orodha akapita akiita majina haraka haraka. Akaita jina langu, nikaitikia. Akaita Mwinjuma. Nikaitikia yupo.

Niliitikia kama tulivyokuwa tukiitikiana darasani mwenzio akichelewa. Nilidhani nikisema hayupo watamfuta na nafasi yake wataipa mwingine, naye yuko njiani anakuja. Sikuwaza kwamba orodha ikitimia, basi lenyewe huondoka. Likawaka. Nikasimama, nikafungua mdomo. Ningesema tu kwamba mwenzangu yuko nyuma, wangenisikia, basi zima lilikuwa kimya. Mlio mwingine ukapasuka karibu, nikakaa. Tulipovuka daraja ndipo nililia kwa sauti, na watu wakanifariji wakidhani ni hofu.

Kwa hiyo siku ile ya simu, ulipomuuliza nani alimtuma, jibu lilikuwa limekaa mbele yako linapukuchua mahindi. Alijua ninasikia. Aliuliza kwanza kama niko karibu, nadhani alitaka kujua kama nimekwisha kukuambia. Alipoona hujui, akalibeba yeye. Nami nikaendelea kupukuchua, mama mkubwa. Nakumbuka hata gunzi lenyewe.

Usije ukajilaumu kwa sababu ya lile fundisho lako. Fundisho lilikuwa jema. Wewe ulitushusha ukarudi nasi, ulitembea kwa miguu yako mwenyewe mpaka kwa bibi. Mimi nililichukua nikamsukumia mwenzangu, nikabaki nimekaa.

Nakuomba jambo moja tu, na si kwa ajili yangu. Yale maneno uliyomwambia kwenye simu, mwondolee. Mwambie huko aliko kwamba umejua. Hitma isomwe Jumapili, na isomwe ukiwa huna kinyongo naye, maana hakufanya lolote la kusamehewa. Ile kanzu usiifue tena. Mpe Habuba jina lako, nitamtumia.

Nitakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Safari hii Mama Hildegarda nimemuaga, na nimemweleza ninakwenda kwa nini, alilia akanipa ruhusa bila kikomo. Nikifika sitaingia ndani. Nitasimama uani pale penye kinu, nitakuamkia. Ukiitikia marahaba, nitajua bado nina mama. Usipoitikia sitakulaumu, na wala sitaondoka kimya kimya kama safari ile. Nitakaa hapo hapo nje mpaka hitma isomwe, nibebe maji, nipange mikeka, niwe miongoni mwa watu waliokuja msibani. Ikiisha nitakuaga, hata kama ni mgongo wako ninaouaga.

Nisalimie mjomba, na mwombe radhi kwamba sikumwambia haya kwa simu, ilifaa uwe wa kwanza kujua. Nisalimie majirani wa upande wa kisimani. Wakikuuliza barua inasema nini, wasomee yote. Hakuna ninalotaka lifichwe tena.

Mungu akupe nguvu, na akupe mahali pa kuegemea utakapofika mstari huu.

Ni mimi, niliyeitikia jina lisilo langu,

Ashrafu.